Nani Anatuhudumia? Somo la Kwanza la Mtoto wa Babati Kuhusu Jamii Yake

Sura nyingine za kitabu hiki zinaeleza habari za majengo, za watumishi na za mitaa iliyozaliwa na Usharika wetu. Sura hii inahusu jambo ambalo halikuwekewa jiwe la msingi wala halikuzinduliwa na kiongozi yeyote. Ni somo dogo analopewa mtoto wa miaka sita au saba anapoketi darasani kwa mara ya kwanza: kuijua jamii anamoishi, na kuwajua watu wanaoihudumia.

Sote tunalikumbuka somo hilo. Mwalimu wa darasa la kwanza husimama mbele na kuuliza, "Hapa kwetu, nani anatuhudumia?" Mikono huinuka. Mmoja hujibu mwalimu, mwingine daktari, mwingine polisi. Baada ya majibu ya picha za vitabuni kwisha, huanza majibu ya Babati yenyewe: mvuvi anayetoka na mtumbwi ziwani alfajiri, mama anayeuza samaki sokoni, mkunga aliyempokea mdogo wake mtoto, bwana mifugo aliyemchanja ng'ombe, fundi baiskeli, mwinjilisti. Mwalimu mwenye busara hayakatai majibu hayo. Huyaandika yote ubaoni.

Katika maadhimisho haya tunakusudia kuonyesha kwamba somo hilo limekuwa sehemu ya kazi ya Kanisa tangu mwanzo, kwamba lilipita katika mabadiliko makubwa, na kwamba bado linatudai.

Somo lililo ndani ya Katekisimo

Huenda mgeni akadhani kwamba habari za mkunga na bwana mifugo ni za serikali, na kwamba Kanisa linahusika na mambo ya roho peke yake. Baba yetu katika imani, Dk. Martin Luther, hakufikiri hivyo. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule na kuzigharimia, kwa sababu mji usio na watu waliofundishwa hauwezi kusimama. Miaka mitano baadaye, mwaka 1529, alitoa Katekisimo Ndogo ambayo vijana wetu wa Kipaimara wanajifunza hadi leo.

Katika Katekisimo hiyo, anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, yaani ombi la riziki, Luther haishii kwenye chakula. Anataja nyumba, shamba, mifugo, utawala mwema, hali nzuri ya hewa, amani na majirani waaminifu. Kwa maneno mengine, mtoto anayeomba chakula cha leo anamwomba Mungu vilevile mkulima, mchungaji wa ng'ombe, kiongozi mwadilifu na jirani mwema. Ndiyo maana Luther alifundisha habari ya wito: mshona viatu, mama nyumbani na hakimu mahakamani, kila mmoja anamtumikia Mungu kwa kumhudumia jirani yake kupitia kazi aliyo nayo. Swali la mwalimu wa darasa la kwanza lina jibu lake ndani ya Katekisimo.

Mwalimu aliyekuwa kila kitu

Katika siku za kwanza za misheni ya Kilutheri kaskazini mwa nchi yetu, orodha ya wahudumu wa jamii ilikuwa fupi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1911 kazi yao ilifika Iramba. Popote walipokwenda, shule ilitangulia au iliandamana na kanisa. Zile zilizoitwa shule za vichakani hazikuwa na mengi: miti michache, nyasi za kuezekea, ubao mmoja, na watoto walioandika mchangani kwa vidole.

Mwalimu wa shule hiyo ndiye aliyeongoza sala za asubuhi, aliyefundisha silabi, aliyesoma barua za wazazi na kuzijibu, aliyefunga vidonda, na aliyeitwa watu walipogombana. Ndiyo sababu katika sharika nyingi za kaskazini neno "mwalimu" lilimaanisha mtumishi wa Kanisa na mfundishaji wa shule kwa wakati mmoja. Mtoto akiulizwa nani anaihudumia jamii yake, jibu lingeweza kuwa mtu mmoja tu, naye amesimama mbele yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa namna ile. Waliofanya sharika zisife na shule zisifungwe ni walimu Waafrika, wengi wao wakiwa na elimu ya miaka michache tu. Serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni katika miaka ya 1920, ruzuku hiyo ilikwenda kwa shule zilizosajiliwa na zenye walimu wenye vyeti. Mwalimu wa shule ya kichakani aliendelea kuishi kwa sadaka ya washarika na kwa jembe lake mwenyewe. Tunaposoma majina ya waasisi katika sherehe hizi, tuwakumbuke hao ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Benchi moja, lugha nyingi

Kuna jambo moja linaloifanya Babati iwe tofauti na sehemu nyingi za Tanzania. Eneo letu, chini ya Mlima Kwaraa na kando ya Ziwa Babati, ni njia panda ya barabara za Arusha, Singida na Dodoma, na ni njia panda ya lugha pia. Wagorowa na Wairaqw wanasema lugha za jamii ya Kikushi. Wambugwe na Warangi wanasema lugha za Kibantu. Wabarbaig wanasema lugha ya Kinailoti. Ni nadra kukuta katika Afrika mahali ambapo jamii za lugha zilizo mbali namna hii zimekaa jirani, zikioana, zikinunuliana nafaka na mifugo, na pengine zikigombania malisho.

Mtoto wa Babati alipoingia darasa la kwanza, aliletwa kutoka boma lenye lugha moja na kukalishwa benchi moja na mtoto ambaye babu yake hakuelewana na babu wa mwenzake ila kwa mkalimani. Wote wawili walianza kujifunza Kiswahili siku moja. Kabla mwalimu hajawafundisha neno "jamii", jamii yenyewe ilikuwa imeanza kufanyika pale kwenye benchi. Jambo hilo halipati sifa inayostahili. Wazee wetu waliosoma pamoja waliweza baadaye kuketi pamoja katika baraza la wazee wa kanisa, katika halmashauri ya kijiji na katika chama cha ushirika, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuketi pamoja wakiwa watoto.

Shule zinakwenda serikalini

Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania likaundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganishwa kwa makanisa saba. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe sehemu ya kijiji, iwe na shamba lake, na mwanafunzi asijione kuwa mtu aliyeinuliwa juu ya wazazi wake wakulima. Mwenye kuijua Katekisimo hakuona ugeni mkubwa katika fundisho hilo.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ambayo iliwezesha serikali kuchukua shule zilizokuwa za madhehebu. Shabaha ilikuwa njema: mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini ya wazazi wake. Hata hivyo kwa sharika nyingi ilikuwa siku ngumu. Watu walikuwa wamebeba mawe kwa vichwa vyao kujenga madarasa yale.

Orodha ya wahudumu nayo ilirefuka. Tangu katikati ya miaka ya 1960 palikuwa na balozi wa nyumba kumi. Vijiji vilipoundwa katika miaka ya 1970, watoto walimjua mwenyekiti wa kijiji, katibu, bwana shamba, bibi afya na mganga wa zahanati. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza Elimu ya Msingi kwa Wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikawalazimu wazazi kuwaandikisha watoto. Madarasa yalijaa kuliko walimu waliokuwapo. Wilaya ya Babati ilipogawanywa kutoka Hanang mwaka 1985, na hasa Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, mtoto wa mjini akaanza kuona ofisi ambazo baba yake alizifuata Arusha.

Ziwa na msitu kama walimu

Somo la jamii halikufundishwa kwa ubao tu. Ziwa Babati lilifurika na kuingia mjini mwaka 1964, mwaka 1979 na tena mwaka 1990. Mafuriko hayamuulizi mtu dini yake wala kabila lake. Mtoto aliyehamishwa nyumbani akapokewa na jirani asiyesema lugha ya mama yake hakuhitaji tena kuelezwa jirani ni nani.

Msitu wa Duru-Haitemba nao ulitupa somo. Serikali ilikusudia kuufanya msitu huo kuwa hifadhi yake, na wananchi wakahofu kunyang'anywa. Katika miaka ya 1994 na 1995 ilikubaliwa kwamba vijiji vinane vinavyouzunguka viutunze vyenyewe, kila kijiji kikiwa na kamati, sheria ndogo na walinzi wake. Walinzi hao hawakuletwa kutoka mbali. Walikuwa baba na kaka wa watoto wa darasa la kwanza. Msitu ukapona, na mfano huo ukatajwa hata nje ya nchi yetu. Ikawa dhahiri kwamba mhudumu wa jamii si lazima avae sare.

Na katika siku zetu hizi, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliwashukia jirani zetu wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Askari, madaktari, makanisa, misikiti na wananchi wa kawaida walikwenda kusaidia. Baadhi ya shule ziligeuzwa makambi ya waathirika. Darasa ambalo mtoto alifundishiwa habari za wasaidizi likawa mahali pa kusaidiwa.

Tulichopungukiwa

Historia ya Kanisa isiyokiri upungufu si historia ya Kikristo. Shule zilipochukuliwa na serikali, wengi wetu tulisema moyoni kwamba kazi ya kumfundisha mtoto habari za jamii yake imetutoka mikononi. Tukabaki na Shule ya Jumapili, mara nyingi kwa mwalimu mmoja wa kujitolea chini ya mti, wakati nguvu zetu zikienda kwenye ujenzi. Chekechea za Kanisa zimerudisha sehemu ya kazi hiyo, lakini si yote.

Tena tulihesabu waliomo darasani tukawasahau wasiomo. Ada ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004. Idadi hiyo ni ya furaha, lakini inatuhukumu vilevile. Watoto hao walikuwapo siku zote. Walikuwa machungani, au jikoni wakilea wadogo zao, au wamefichwa ndani kwa sababu ya ulemavu. Wakati wenzao wakijifunza kutaja majina ya wahudumu wa jamii, wao walikuwa wanaihudumia jamii pasipo kuhesabiwa. Kijana mchunga ng'ombe anastahili kuwamo katika orodha ya ubaoni, na anastahili pia kuwamo darasani.

Hitimisho

Mtaala umebadilika mara nyingi na utabadilika tena. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yalielekezwa zaidi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Jambo hilo lilikuwa la lazima, lakini liliwaachia wazazi na sharika sehemu kubwa zaidi ya somo hili tunalolizungumzia.

Tunaona basi kwamba swali la mwalimu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni "Nani anatuhudumia?" Mtoto huijibu kwa furaha. Sehemu ya pili ni "Nawe utamhudumia nani?" Hiyo ndiyo aliyojibu mwalimu wa shule ya kichakani kwa maisha yake, bila mshahara wa kutosha na bila sifa. Hiyo ndiyo Kanisa lilikabidhiwa, na hakuna sheria iliyoiondoa mikononi mwetu.

Kwa hiyo, wapendwa washarika, nanyi wageni wetu wa Dayosisi, tunapoingia katika miaka mia mingine, tusiwaonyeshe watoto wetu majengo peke yake. Tuwashike mkono tuwapeleke kwa mkunga, kwa mvuvi, kwa mlinzi wa msitu na kwa mwalimu mstaafu aliyekaa kibarazani, tuwaambie kwamba kwa mikono ya hao Mungu ametupa riziki yetu ya kila siku. Kisha tumtafute yule mtoto ambaye hayumo darasani. Mungu wetu, aliyetuongoza hadi hapa, na abariki kazi hiyo.