Afrosa, Sululu, Segere Matata: ubishi wa bendi kando ya reli ya kati

Mtajie mzee wa Dodoma neno moja tu, Afrosa, kisha mtazame. Kikombe cha kahawa kitarudi chini, kidole kitainuka, na kama pembeni yake kuna mzee mwingine aliyekulia Morogoro, utajibiwa Sululu kabla hujakaa. Wa Tabora naye hatakubali kupitwa. Atasema Segere Matata. Hapo kahawa itapoa.

Hayo ni majina ya mitindo. Katika miaka ya 1960 na 1970, bendi ya muziki wa dansi isiyokuwa na mtindo ilikuwa kama timu isiyokuwa na jezi. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz wakawa na Saboso, Morogoro Jazz wakapiga Likembe na Sululu, Tabora Jazz wakaja na Segere Matata, Afro 70 wakajibu kwa Afrosa. Mtindo ulikuwa mwendo wa ngoma, namna ya kucheza, na kelele ya waimbaji pale wimbo unapotoka kwenye maneno na kuingia kwenye chemko. Mpenzi wa kweli alisikia mapigo machache ya gitaa redioni akajua ni nani, mtangazaji hajafungua mdomo.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na ramani yake ya muziki ilikuwa ya stesheni. Reli ya kati iliingia Dodoma mwaka 1910, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Treni zilipakia karanga na ng'ombe, lakini zilipakia pia magitaa, santuri na vijana waliokuwa wakitafuta bendi ya kujiunga nayo. Ndiyo maana nalinganisha bendi hizi kwa kufuata njia ya treni, toka bondeni hadi uwandani.

Morogoro kwanza, kwa sababu hakuna mji wa ukubwa ule uliowahi kuwa na bendi mbili kubwa namna ile kwa wakati mmoja. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha La Paloma, ambayo baadaye ikaitwa Cuban Marimba. Majina hayo yalitoka kwenye santuri za Kikyuba zilizokuwa zikiuzwa Afrika Mashariki, na vijana wakizisikiliza hadi sindano inakwaruza. Salum Abdallah alichukua rumba ile akaivika Kiswahili kilichotulia, na sauti yake ikafanya kazi ambayo wengine waliiachia gitaa. Kwa uimbaji, mimi simpi mtu mwingine nafasi ya kwanza. Alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake.

Kabla ya msiba huo, Morogoro Jazz walikuwa wamempokea kijana Mbaraka Mwinshehe. Huyu ndiye aliyeugeuza mji. Gitaa lake la solo lilizungumza, likabembeleza, likagomba, na watu wakampa jina la Soloist National. Mwaka 1970 bendi ilikwenda Japan kwenye maonyesho ya Expo mjini Osaka. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, Mbaraka akaondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, na mtindo wake mpya akauita Masika. Santuri yake ya "Shida", iliyotoka Nairobi, ilisikika kila kona ya Afrika Mashariki. Januari 1979 ajali ya gari mjini Mombasa ikamchukua, akiwa na umri wa miaka 34.

Kisa cha mpiga solo kuondoka na kujenga nyumba yake hakikuwa cha kwetu peke yetu. Wapenzi wa roki nzito ya kasi, ile inayoitwa thrash, wana bendi zao nne wanazozibishania hadi leo: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax. Mpiga gitaa Dave Mustaine alifukuzwa Metallica mwaka 1983 akaunda Megadeth, na tangu hapo wapenzi hawajaacha kuulizana nani alibaki na moto. Bendi zote nne zilipanda jukwaa moja mjini Sofia, Bulgaria, Juni 2010. Sisi hatukuipata siku kama hiyo. Hakuna usiku ambao Salum Abdallah, Mbaraka, Shem Karenga wa Tabora Jazz na Patrick Balisidya wa Afro 70 walisimama pamoja mbele ya watu, na hilo linaniuma kila ninapozisikiliza nyimbo zao kwa kufuatana.

Treni hufika Dodoma kabla ya Tabora, lakini Dodoma naiweka mwisho makusudi. Tabora nitaipitia haraka, ingawa wenyewe watanikasirikia. Mji ule ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ulikuwa na Nyanyembe Jazz, na ulikuwa na Tabora Jazz, ambako Shem Karenga aliimba "Dada Asha". Sifa ya Tabora ni subira. Wimbo hauna haraka ya kufika kwenye chemko. Unakaa na huzuni yake kwanza, unaigeuza huku na huku. Baba alikuwa akisema muziki wa Tabora ni wa watu wanaojua treni itachelewa.

Sasa Dodoma. Hapa ndipo ubishi wangu ulipo, na ndipo ninapoona tumejidhulumu wenyewe.

Patrick Balisidya alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, mwendo mfupi wa gari kutoka mjini Dodoma, kwenye nchi ya mibuyu na vumbi jekundu. Mwaka 1967 alijiunga na Dar es Salaam Jazz, na mwaka 1970 akaunda Afro 70. Hakuchukua jina la Kikyuba wala la Kizungu cha dansi. Alichukua Afro, akabandika na mwaka, kama mtu anayeweka tarehe kwenye barua. Nyimbo "Dirishani" na "Harusi" zilitoka kwenye mikono hiyo, na ukienda leo kwenye sherehe ambako mpiga muziki ana heshima kwa wazazi wa bwana na bibi harusi, "Harusi" itapigwa.

Mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania mjini Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Mwaka 1979 Balisidya akarekodi Sweden pamoja na bendi ya huko, Archimedes, na santuri ikaitwa Bado Kijana. Baadaye alipiga na Orchestra Safari Sound. Alifariki Agosti 2004.

Mbaraka alimzidi Balisidya kwa gitaa moja moja, hilo nakubali. Lakini Afro 70 ilizizidi bendi zote za reli kwa mpangilio. Sikiliza "Dirishani" mara tatu. Mara ya kwanza fuata sauti tu. Mara ya pili fuata besi. Mara ya tatu fuata magitaa, uone yanavyopokezana: hili linaacha nafasi, lile linaingia kwenye nafasi hiyo, hakuna linalolikanyaga lingine. Ukimaliza utajua kwa nini wapigaji wengi waliichukulia kama shule.

Nami nina imani kwamba mpangilio ule haukutoka Dar es Salaam. Mwana wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, amekua akisikia watu wakiimba kwa sauti zilizopangwa ngazi kwa ngazi, kila mtu na mstari wake, na wanawake wakiupiga muheme, ngoma wameibana katikati ya magoti. Amesikia ilimba, chombo cha ubao na vijiti vya chuma. Niliwahi kuketi kijijini karibu na Chamwino nikimtazama fundi mmoja akitengeneza ilimba. Vijiti vya chuma alivigonga nyundo kidogo kidogo, akivuta hiki, akirudisha kile, sikio ameliinamisha. Kisha akageukia tundu dogo kwenye ubao. Akatoa kipande cha utando mweupe wa buibui, ule mzito kama karatasi laini, akaubandika juu ya tundu na kuubonyeza kwa kidole gumba. Akapiga. Sauti iliyokuwa safi ikaanza kuvuma, ikawa na ukwaruzo kama nyuki ndani ya mzinga. Akatabasamu. Kabla ya utando ule, kwake ilikuwa bado haijawa ilimba.

Wapiga roki wa Marekani walitafuta ukwaruzo huohuo kwa umeme, kwa kulazimisha vipaza sauti vibebe kuliko uwezo wake. Wagogo waliupata kwa buibui. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze, aliupeleka hadi Ulaya, na santuri yake Chibite ilitoka mwaka 1996. Zawose alifariki Desemba 2003. Ndani ya miezi minane Ugogo ukawapoteza wote wawili, yeye na Balisidya, na sijui kama mji wetu ulikaa chini kuhesabu hasara ile.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wabishi husahau: vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na majeshi yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa huko alilipwa mshahara, na nyuzi zikikatika kulikuwa na ofisi ya kuziomba. Mtu aliyeunda bendi yake mwenyewe alikuwa na ofisi gani? Gitaa likiharibika ni lake, kipaza sauti kikiungua ni chake, na mwenye ukumbi anataka ngoma Jumamosi hiyohiyo. Hata santuri zenyewe zilitengenezwa Nairobi, kwa kuwa sisi hatukuwa na kiwanda. Tulikuwa na Radio Tanzania na kanda zake. Kwa mtu wa Mvumi kuibeba bendi yake hadi Lagos katika hali hiyo, ni lazima kipimo cha ubora kiwe na mizani nyingine mbali na idadi ya santuri.

Baba alikuwa na santuri moja ya Afro 70, ndogo, imekwaruzika upande mmoja. Alipoipiga hakuruhusu mtu kusema hadi magitaa yaingie. Yakishaingia, alikuwa akielekeza kidole dirishani, upande wa kusini mashariki, iliko Mvumi.