Herufi Nyekundu na Mahakimu wa Salem

Katika mwaka 1630 mamia ya Waingereza, wakiongozwa na gavana wao John Winthrop, walivuka bahari ya Atlantiki wakashuka katika pwani ya Massachusetts, wakaanzisha mji wa Boston. Watu hao waliitwa Wapuritani, kwa kuwa walitaka kulitakasa Kanisa la nchi yao na kila desturi wasiyoiona katika Maandiko. Walikuwa watu wa bidii na elimu. Mwaka 1647 waliamuru kila mji wenye nyumba 50 uwe na mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika.

Lakini kwao dhambi ya mtu mmoja haikuwa jambo lake peke yake. Waliamini kwamba wamefanya agano na Mungu wakiwa taifa zima, na ya kwamba kosa moja lililofichwa laweza kuleta adhabu juu ya wote. Kwa hiyo dhambi ilitafutwa, na ikiisha kuonekana iliwekwa mbele ya macho ya watu. Katika koloni la jirani, Plymouth, sheria ya mwaka 1658 iliagiza mzinzi ashonewe herufi mbili za kitambaa juu ya nguo yake. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1694 iliagiza herufi moja, A, yenye urefu wa inchi mbili, maana kwa Kiingereza neno la uzinzi huanza kwa herufi hiyo.

Watu wanaotafuta dhambi za wenzao kwa juhudi namna hiyo, hatimaye huziona hata mahali zisipokuwapo. Ndivyo ilivyotokea Salem mwaka 1692. Katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris, binti yake mwenye umri wa miaka 9 na jamaa yake Abigail Williams, wa miaka 11, walishikwa na kifafa cha ajabu, wakapiga kelele na kupinda viungo. Watu wakasema, Wamerogwa. Walioshtakiwa kwanza walikuwa wanyonge: Tituba, mtumwa wa mchungaji; Sarah Good, maskini aliyeombaomba; na Sarah Osborne, mgonjwa asiyekwenda kanisani. Hakimu John Hathorne aliwahoji kana kwamba hatia yao imekwisha kuthibitika.

Baraza la mahakimu lilipowekwa, lilikubali ushahidi usioweza kupimwa na mtu, yaani mshtaki aliposema kwamba ameona mzuka wa fulani ukimtesa, neno hilo lilipokelewa. Rebecca Nurse, mama mzee wa miaka 71, mcha Mungu, kwanza alionekana hana hatia. Wazee wa baraza wakarudishwa kufikiri tena, naye akahukumiwa kufa. Watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alilazwa chini ya mawe mazito hata akafa. Tena jambo la kusikitisha kupita yote ni hili: waliokubali kwa uongo kwamba ni wachawi hawakunyongwa, bali waliosimama katika kweli ndio waliopelekwa mtini. Mwezi wa Oktoba gavana William Phips alilivunja baraza lile, lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika.

Miongoni mwa mahakimu alikuwamo Samuel Sewall wa Boston. Dhamiri yake haikumpa raha. Mwezi wa Desemba mwaka 1696 alifiwa na binti yake mdogo. Na kabla ya maziko mwanawe alimsomea kwa Kilatini sura ya 12 ya Injili ya Mathayo. Ilipofika aya ya saba, ambamo Bwana awakemea wale wanaowahukumu wasio na hatia, Sewall aliikumbuka Salem kwa hofu kuu. Tarehe 14 Januari 1697, siku ya kufunga iliyoamriwa na serikali, alimpa mchungaji wake karatasi, akasimama mbele ya watu wote, huku karatasi hiyo ikisomwa. Ndani yake alilitaja baraza lenyewe la Salem, akasema kwamba aibu na lawama ni zake, akaomba msamaha wa Mungu na wa watu. Wazee wa baraza 12 nao waliomba msamaha kwa maandishi. Mwaka 1700 Sewall alitoa kitabu kidogo cha kukataza biashara ya watumwa. Moyo uliokwisha kunyenyekea uliweza kuona na dhambi nyingine ambayo nchi yake ilikuwa haijaiona.

Lakini John Hathorne alikufa mwaka 1717, wala haikuandikwa popote kwamba alitubu mbele za watu.

Mzao wake, Nathaniel Hawthorne, alizaliwa katika mji uo huo wa Salem, tarehe 4 Julai 1804. Alipokuwa kijana aliongeza herufi W katika jina la ukoo wake, na wengi wadhani alitaka kujitenga na yule hakimu. Alifanya kazi katika Nyumba ya Forodha ya Salem tangu mwaka 1846, akaondolewa mwaka 1849 baada ya chama kingine kushika serikali. Hapo akaandika kitabu chake mashuhuri, Herufi Nyekundu, kilichochapwa mwaka 1850. Katika utangulizi wake anawataja babu zake waliotesa watu, naye anajitwika aibu yao. Hivyo neno ambalo babu hakulisema, mjukuu alilisema baada ya zaidi ya miaka 150.

Hadithi yenyewe ni ya Boston ya zamani. Mwanamke jina lake Hester Prynne amezaa mtoto nje ya ndoa, naye anasimamishwa juu ya jukwaa la aibu na herufi A kifuani. Hakubali kumtaja mwanamume. Mwanamume huyo ni Arthur Dimmesdale, mchungaji kijana apendwaye na watu wote. Mume wa Hester, Roger Chillingworth, anakuja kwa siri, anajifanya tabibu wa mchungaji, na siku zote anamchokonoa kidonda cha moyo ili ajilipize kisasi.

Tazameni jinsi mwandishi anavyotumia mifano. Herufi ni ile ile, lakini maana yake yabadilika. Hester anawashonea maskini nguo na kuwauguza wagonjwa, hata wengine wanasema kwamba A ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye uwezo. Mtoto wake anaitwa Pearl, maana yake lulu, kwa kuwa mamaye alimpata kwa thamani kubwa. Jukwaa nalo laonekana mara tatu: mwanzoni Hester anasimama peke yake, katikati Dimmesdale anapanda usiku, wakati hakuna wa kumhukumu, mwishoni anapanda mchana mbele ya watu, anaungama, kisha anakufa.

Jambo la kufikiriwa sana ni maungamo yake ya mimbarini. Kila mara Dimmesdale huwaambia watu kwamba yeye ni mkosefu kupita wote, lakini hataji kosa. Nao humsifu zaidi kwa unyenyekevu wake! Hivyo neno la toba limekuwa pazia la kuficha dhambi. Sewall hakufanya hivyo. Alitaja jambo alilolitenda na mahali alipolitenda.

Basi, ndugu wasomaji, habari hizi zatupa maonyo mawili. La kwanza, aibu anayotwikwa mtu na wenzake si toba. Waliomtwika Hester herufi walidhani wameondoa uovu mjini, kumbe mwenziwe katika kosa alikuwa miongoni mwa waliomhoji. Na sisi tunapomtenga msichana aliyeanguka, tujiulize ni nani ambaye hatujamwuliza. La pili, toba ya kweli hutoka kwa mtu mwenyewe, hutaja kosa kwa jina lake, tena hufuatwa na matendo.

Kosa la Salem lilichukua muda mrefu kusahihishwa. Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa mwaka 1693 lakini hakunyongwa, alisafishwa jina lake na bunge la Massachusetts mwaka 2022 tu, baada ya wanafunzi wa shule moja na mwalimu wao kulipigania jambo lake. Kumhukumu asiye na hatia kulikuwa kazi ya siku chache. Kumrudishia jina lake kulichukua miaka 329.