Korongo la Kongo na Nyaya Zilizokatika

Maji ya Mto Malagarasi, kule Kigoma, huingia Ziwa Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga, huungana na Lualaba, na mwishowe hufika Atlantiki kupitia Mto Kongo. Shuleni tulifundishwa kwamba safari inaishia hapo, kati ya Banana na Soyo. Kwa maji matamu ni kweli. Lakini mchanga na tope ambalo Kongo imelizoa njiani bado lina zaidi ya kilomita 1,000 za kwenda, chini kabisa ya bahari.

Mito mingi mikubwa hutua mzigo wake mlangoni ikajenga delta. Kongo haina delta ya namna hiyo, kwa sababu mlangoni pake pamechimbika korongo lenye kina cha mamia ya mita, linaloanzia ndani ya mto wenyewe. Aliyelieleza mapema ni J. Y. Buchanan, mkemia wa Uskoti aliyewahi kusafiri na meli ya utafiti ya Challenger. Mwaka 1886 alikuwa kwenye meli Buccaneer, iliyokuwa ikipima kina cha bahari ya Afrika Magharibi ili nyaya za simu za maandishi zipate njia.

Nyaya zikalazwa, na zikakatika. Zikaungwa, zikakatika tena, miaka nenda miaka rudi, na makampuni yakalipa gharama bila kumjua mkosaji.

Jibu lilitoka mbali na Afrika. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilitikisa sakafu ya bahari karibu na Newfoundland. Nyaya 12 zilikatika. Zilizo karibu na kitovu zilikatika papo hapo, lakini zile za kina kirefu zaidi zilikatika moja baada ya nyingine, ya mwisho baada ya saa 13 hivi. Kila kituo cha simu kilikuwa kimeandika saa ambayo waya wake ulinyamaza. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walizipanga saa hizo kwenye ramani na kuonyesha kwamba kuna kitu kilichoshuka mteremko kwa kasi: mkondo wa tope. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ushahidi mzuri kabisa katika sayansi ya bahari, nao ulitoka kwenye kumbukumbu za kawaida za kazi.

Mkondo huo huendeshwa na uzito wake. Maji yenye tope ni mazito kuliko maji safi, kwa hiyo hushika sakafu na kuteremka. Yakiteremka hukwangua mashapo ya korongo, yakazidi kuwa mazito, yakazidi kukimbia. Yanapofika tambarare na kupungua mwendo, mchanga mnene hutua kwanza, kisha mchanga laini, mwisho tope. Mholanzi Philip Kuenen aliuiga mwendo huo kwenye matangi ya maabara, na mwaka 1950, pamoja na Carlo Migliorini wa Italia, akaeleza kwamba matabaka ya miamba yenye mpangilio huohuo ni kazi ya mikondo ya tope ya zamani.

Kongo yenyewe ilipimwa ikiwa kazini Januari 2020. Mwishoni mwa 2019 mto ulifurika kuliko ulivyofurika kwa miongo mingi. Wiki chache baadaye, vifaa ambavyo watafiti walikuwa wametia nanga korongoni vilipigwa kimoja baada ya kingine, na maboya yake yakaibuka juu. Mkondo ulisafiri zaidi ya kilomita 1,100, ukaongeza kasi kutoka mita 5 hadi 8 kwa sekunde, na kubeba takriban kilomita za ujazo 2.7 za mashapo. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, SAT-3 na WACS, ilikatika, na mawasiliano yakazorota katika nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kusini. SAT-3 iliungwa, mwezi Machi mkondo mwingine ukaikata tena.