Kuosha picha haikuwa kazi ya mtu mmoja

Kuna neno Wakenya tunalitumia kila siku bila kulifikiria: kuosha picha. Mtu akienda kutoa picha ya pasipoti anasema "naenda kuosha picha," na hapo hakuna hata tone la maji, ni mashine tu. Lakini hilo neno halikuzuka hivi hivi. Zamani picha ilioshwa kweli. Karatasi iliingia kwa dawa ya kwanza, picha ikaanza kuchomoza polepole chini ya taa nyekundu. Ikapelekwa kwa dawa ya kuisimamisha, halafu ile ya kuifanya idumu, mwisho ikasuuzwa kwa maji safi. Ukiharakisha kusuuza, miaka ikipita picha inageuka manjano.

Naleta hii stori kwa sababu kuna vijana hapa Nairobi wamerudi kwa filamu. Wanaziba dirisha la bafu na blanketi, wanachanganya dawa, wanajaribu. Wakionyesha kazi yao, majibu ni mawili tu: "noma sana" ama "hii ni takataka." Mimi nasema yote mawili hayasaidii kitu. Na sisemi hivyo kwa hisia, nasema kwa historia yetu wenyewe.

Tuanze na Unguja. Studio ya A. C. Gomes ilikuwa pale tangu karne ya 19. Ranchhod Oza alifanya kazi huko kabla ya kufungua duka lake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Baadaye mwanawe, Rohit, akaendelea nalo. Yaani kazi ilipita mkono kwa mkono, kutoka studio hadi studio, kutoka baba hadi mwana.

Kwa nini hiyo ni muhimu? Kwa sababu vitabu vya Ulaya vinasema dawa ya filamu iwe nyuzi 20. Sasa niambie, maji ya Unguja yanafika baridi hiyo saa ngapi? Dawa ikiwa na joto inafanya kazi haraka, na ukifuata dakika za kitabu negativu inatoka nyeusi tititi. Mtu anayeosha filamu kwa joto la pwani anahitaji mwenzake aliyezoea amwambie, "Hapa punguza dakika." Sentensi fupi kama hiyo inaokoa filamu nzima.

Hapo ndipo naona tofauti ya ushauri na kelele. Mtu akikuletea picha iliyofifia, usiihukumu picha kwanza. Mwambie akuonyeshe negativu. Pembeni mwa filamu kuna nambari zilizowekwa kiwandani. Kama nambari zimekolea lakini picha ndiyo hafifu, shida ilikuwa kwa kamera, mwanga ulioingia haukutosha. Kama hata nambari zimefifia, shida iko kwa dawa: imechoka, ilikuwa baridi sana, ama muda ulikuwa mfupi. Hiyo ni dakika moja tu. Hujamtusi mtu, na wikendi ijayo anajua arekebishe nini. Ukimwambia tu "ni mbaya," anarudi gizani na shida ile ile.

Kuna wale watasema ukali ndio hujenga. Sawa, mimi sina shida na ukali. Kama filamu haikupata mwanga, hakuna dawa itarudisha kitu ambacho filamu haikuona, na mtu aambiwe hivyo wazi. Sisemi tubembelezane. Nasema tu, ukisema ukweli, useme ule anaoweza kuutumia.

Halafu kuna Lamu. Omar Said Bakor alijifunza upigaji picha mwenyewe, akafungua studio yake. Alipenda kuunganisha picha, moja ndani ya nyingine, mpaka mtu anaonekana mahali ambapo hangeweza kuwa. Mtu wa kanuni akiingia pale angeanza kusahihisha: hii si picha, huyu hajui kazi. Lakini Bakor alijua anachofanya na wateja wake walikipenda. Leo wasomi wanazichunguza kazi zake. Kwa hivyo kabla hujamshauri mtu, muulize kwanza alitaka kutoa nini. Inawezekana unachokiona kama kasoro ndicho alichokuwa anatafuta.

Na hapa kwetu Nairobi kuna Priya Ramrakha, aliyezaliwa mwaka 1935. Alianza na picha za Colonial Times, gazeti la jamaa zake, wakati mkoloni bado anatawala. Eliot Elisofon, mpiga picha wa jarida la Life la Marekani, aliona kazi yake. Angemwambia "una kipaji, kijana" na kuenda zake. Badala yake alimsaidia kufika Los Angeles kusomea picha katika chuo cha Art Center. Ramrakha akawa kati ya Waafrika wa kwanza kupigia Life na Time picha. Alipiga picha za uhuru wetu na za Afrika iliyokuwa inabadilika. Aliuawa tarehe 2 Oktoba 1968 akiwa kazini kwenye vita vya Biafra, Nigeria.

Picha zake zilikaa karibu miaka 40 kabla jamaa yake, Shravan Vidyarthi, hajazipata kwenye gereji hapa hapa Nairobi. Mwaka 2018 zikatoka kwa kitabu. Mimi huwa nafikiria hiyo gereji. Tungekuwa tumepoteza macho ya mtu wetu kwa historia yetu, na jiji lingeendelea tu kama kawaida.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hili linanigusa. Huku Kabiria hakuna shule ya kuosha filamu, na wengi wetu hatungeweza kulipa karo yake. Shule yetu ni yule anayejua kidogo kuliko sisi leo na yule anayejua kidogo kutuzidi. Ukimvunja moyo wa kwanza, hakuna mwalimu wa kesho. Wa pili akinyamaza, tunaanza upya kutoka sifuri.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja. Kuanzia Kawangware mpaka Satellite kuna wazee waliokuwa na studio kabla simu hazijaua biashara. Mtafute mmoja, umwamkue vizuri, umpelekee negativu yako, umuulize anaona nini. Akikuambia, andika. Na umuulize zake ziko wapi, kabla mtu hajasafisha nyumba na kuzitupa.