Usafishaji wa maji machafu ya migodi ya dhahabu

Usafishaji wa maji machafu ya migodi ya dhahabu ni utaratibu wa kuondoa au kupunguza sumu, metali nzito, mafuta na tope katika maji yaliyotumika mgodini, kabla ya kuyatumia tena au kuyaachia katika mazingira. Nchini Tanzania suala hili lina uzito hasa katika mikoa ya Geita na Shinyanga, ambako kuna migodi mikubwa ya Geita (ulioanza uzalishaji mwaka 2000) na Bulyanhulu (2001), pamoja na wachimbaji wadogo wengi. Miji ya Kahama na Shinyanga hupata maji ya bomba kutoka Ziwa Viktoria.

Sayanidi

Migodi mikubwa huyeyusha dhahabu kwa sayanidi ya sodiamu. Wakati wa kazi hiyo chokaa huongezwa ili pH ibaki juu ya 10. Ikishuka, sayanidi hugeuka gesi yenye sumu kali.

Dhahabu ikishatolewa, tope lililobaki bado huwa na sayanidi. Njia moja inayotumika sana ni kupuliza hewa na kuongeza dioksidi ya salfa, huku salfati ya shaba ikiharakisha mmenyuko. Sayanidi hugeuka kuwa sayaneti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, na ambayo baadaye huvunjika kuwa amonia na kaboni dioksidi. Mmenyuko huo huzalisha asidi, hivyo chokaa huhitajika tena ili pH ibaki kati ya 8 na 9. Njia nyingine hutumia haidrojeni peroksidi au klorini.

Tope huhifadhiwa katika bwawa maalumu, na maji yake hurudishwa kiwandani. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sayanidi, iliyotungwa baada ya bwawa la mgodi wa Baia Mare nchini Romania kupasuka mwaka 2000, inataka sayanidi inayoachilika kwa urahisi isizidi miligramu 50 kwa lita pale wanyama na ndege wanapoweza kuyafikia maji.

Maji yenye asidi na metali

Miamba yenye salfidi ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo huyeyusha metali. Chokaa hupunguza asidi na kuzifanya metali zigande na kutuama. Arseniki huondolewa kwa chumvi za chuma.

Maji yenye mafuta

Karakana na sehemu za kuoshea mitambo hutoa maji yenye dizeli, oili na grisi. Mafuta yanayoelea huenguliwa katika matangi ya kutenganishia. Yaliyosambaa kama matone madogo mno, hasa kwa sababu ya sabuni, hayaelei yenyewe. Hapo huongezwa shabu au kloridi ya chuma ili matone yashikamane, kisha viputo vya hewa huyapandisha juu. Mbinu hiyohiyo hutumika katika maji yanayotoka kwenye visima vya mafuta ya petroli.

Wachimbaji wadogo

Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki kwenye mialo. Tofauti na sayanidi, zebaki ni elementi, hivyo hakuna kemikali inayoweza kuivunja. Inaweza tu kuzuiwa isisambae. Ikiingia majini, bakteria huibadilisha kuwa methili-zebaki, ambayo hujikusanya katika samaki na kudhuru mfumo wa neva, hasa wa watoto walio tumboni. Hatari huongezeka pale marudio yenye zebaki yanapochenjuliwa tena kwa sayanidi, kwa sababu sayanidi huyeyusha zebaki na kuiwezesha kusafiri na maji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Sheria na matukio

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kutiririsha maji yasiyokidhi viwango, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo linalosimamia. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara, mkoani Mara, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la tope. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka na tope kufunika makazi na mashamba. Uchenjuaji wa almasi hautumii sayanidi, lakini tukio hilo lilionyesha kuwa usalama wa maji hutegemea uimara wa kingo za bwawa sawa na kemikali zinazotumika.