Shule ya Kanjo na Mitaa Yake

Kitabu chenyewe ni kizito. Jalada lake gumu lilikuwa jekundu, sasa limepauka likawa rangi ya tofali, na mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa magunia. Ndani yake limo jina la kila mtoto aliyeingia shule yetu. Nilikifungua mara ya kwanza mwaka 1991, nikiwa mwalimu mchanga, nilipotumwa kutafuta tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliyepoteza cheti. Jina lake nililipata kwa dakika tano. Kitabu nilikaa nacho mpaka giza likaingia ofisini.

Kila ukurasa una safu za kalamu na rula: nambari, jina, mwaka wa kuzaliwa, mzazi, kazi ya mzazi, makazi, tarehe ya kuondoka. Iliyonishika ni safu ya makazi. Kurasa za mwanzo zimejaa Maringo, Jericho, Mbotela na Makongeni. Mbele kidogo unaingia mtaa wa Uhuru. Katikati ya miaka ya 1970 Buruburu inachomoza, kwanza jina moja moja, halafu nusu ukurasa. Kisha Umoja. Ukishuka na kidole kwenye safu hiyo, unaiona Eastlands, mashariki ya Nairobi, ikijengwa nyumba kwa nyumba.

Tuliolelewa huku tunapenda kujitambulisha kwa mtaa. Huyu ni wa Jericho, yule wa Kalo, yaani Kaloleni, na mechi ya Jumapili ndiyo inayotoa uamuzi. Lakini nyumba ilikuwa ya aliyepangishwa, na mtaa ulikuwa wa wenye nyumba humo. Kitu ambacho mitaa yote ilikimiliki pamoja kilikuwa shule ya kanjo, yaani ya baraza la jiji. Naamini hapo ndipo tulipogeuka kuwa watu wa Eastlands, na ndiyo sababu nasikitika kwamba historia ya shule hizi haisimuliwi.

Nairobi ya Waafrika ilijengwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuja peke yake. Alipewa nafasi ya kitanda, akatarajiwa kumwacha mke na watoto mashambani. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hata landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kule Muthurwa, mtoto hakuwa kwenye hesabu ya serikali. Pasipo mtoto hapahitajiki shule, kwa hiyo kufundisha kuliachiwa wamisheni. Alama yao bado iko kwenye vibao vya malango: Dr. Krapf, Dr. Livingstone, Canon Apolo, Martin Luther. Krapf ni yule Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, akaanzisha kituo cha misheni Rabai, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882. Nasi tunayo Rabai Road, na shule yenye jina hilo, tunayo Kaloleni na Makadara. Pwani nzima imehamia Jogoo Road, na watoto wanayataja majina hayo kila siku bila kujua yalikotoka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mawazo yalibadilika. Kaloleni, iliyojengwa katikati ya miaka ya 1940, ilipangwa kwa kuzifikiria familia, na ukumbi wa mtaa ukawekwa katikati. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, uliotayarishwa na Thornton White na wenzake, ulitaka makazi yagawanywe katika vitengo vya ujirani, kila kitengo na shule yake na maduka yake. Wazo hilo lilikuwa limeenea Uingereza na Marekani wakati huo, na kiini chake ni kizuri mno: mtoto atembee hadi darasani bila kuvuka barabara kuu.

Nyumba zilikuja haraka kuliko madarasa. Wakati wa Hali ya Hatari na baada yake mitaa ilifuatana: Ofafa, Mbotela, kisha Jericho na Jerusalem. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU), akauawa Novemba 1952. Ofafa ni diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Nilikulia Mbotela na hakuna mwalimu aliyewahi kutueleza Mbotela alikuwa nani. Leo nadhani naelewa sababu. Kwenye dawati moja aliweza kukaa mtoto ambaye mjomba wake alizolewa katika msako wa Operesheni Anvil wa Aprili 1954, pamoja na mtoto ambaye baba yake alikuwa askari wa serikali siku hiyohiyo. Walimu walichagua kufundisha hesabu.

Mitaa ikaongezeka, shule zikabaki chache, ikawa lazima kugawana. Kulikuwa pia na jambo la utawala lililotutenga na Wakenya wengine. Januari 1970 serikali kuu ilizinyang'anya kaunti za wakati huo shule za msingi, zahanati na barabara. Nairobi na manispaa nyingine chache hazikuguswa. Walimu waliajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka 1967, lakini ua, paa, choo na dawati vilikuwa vya kanjo. Mlango ukivunjika, barua inakwenda City Hall. Baba yangu alikuwa fundi wa mifereji wa baraza, na niliwahi kumwona akirekebisha bomba la shule yetu wakati wa mapumziko. Nilijawa fahari, nikawaambia darasa zima kwamba shule ni ya baba.

Niliingia darasa la kwanza Januari 1974. Desemba iliyotangulia Rais Kenyatta alikuwa ametangaza kufuta karo kwa darasa la kwanza hadi la nne, na idadi ya wanafunzi wa msingi nchini ikaruka kutoka kama milioni 1.8 hadi milioni 2.8 kwa mwaka mmoja. Meya wetu alikuwa Margaret Kenyatta. Shule ilikuwa ng'ambo ya Jogoo Road, ambayo wazee walikuwa bado wakiiita Donholm. Mama alinivusha akinishika kifundo cha mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja huteleza. Ule mtoto wa mpango wa 1948, asiyevuka barabara kuu, sikuwahi kumwona.

Tulisoma kwa zamu. Sisi tulianza asubuhi, na saa sita na nusu mlinzi aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, kwa msumari mkubwa wa reli, nasi tukaondoka na wengine wakaingia. Dawati langu lilikuwa na mfereji mwembamba wa kulazia penseli. Siku moja nilisahau humo kipande cha penseli chenye urefu wa kidole gumba. Kesho yake nilikikuta, kimechongwa vizuri kwa wembe. Nikaacha ganda la embe lililokaushwa kwa chumvi, nikakuta kifuniko cha soda kilichopondwa bapa. Tulipeana vitu hivyo muhula mzima, mimi na mtoto wa mchana ambaye jina lake sikulijua.

Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza, kwa ule mtindo ulioanzia shule za Wahindi za Nairobi mwaka 1957 kisha ukaenea. Kwenye foleni ya maji kulikuwa na Wajaluo wa Makongeni, Wakamba, Waluhya, Wakikuyu, na Waswahili wa Shauri Moyo, na hakuna aliyesubiri Kiingereza kikomae ndipo adai zamu yake ya mfereji. Wanaochunguza Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, huitafuta Eastlands ya miaka hiyo, na mara nyingi wanataja mtaa. Mimi ningetafuta mfereji wa shule. Kiswahili sanifu kilitukuta baadaye, hasa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kukifanya somo la lazima la mtihani.

Mihuri iliyomo kitabuni ni historia nyingine. Wa kwanza ni wa Baraza la Jiji. Kuanzia 1983, serikali ilipolivunja baraza, muhuri ni wa Kamisheni ya Jiji. Baraza linarudi mwaka 1992. Katika miaka hiyo ya kubadilishana mihuri paa zilivuja bila fundi, na kipande cha uwanja wetu, upande wa goli la chini, kikazungushiwa mabati. Nyumba ya ghorofa imesimama pale hadi leo. Katiba ya 2010 iliipa serikali ya taifa shule za msingi na kuiachia kaunti chekechea. Sasa ndani ya ua mmoja tuna wenyewe wawili: mtoto wa miaka mitano ni wa kaunti, na kaka yake anayepita dirishani ni wa taifa.

Lakini kitabu nacho kina uongo wake, na niliugundua kwa kutafuta jina langu. Kwenye makazi imeandikwa Maringo. Sikuwahi kulala Maringo hata usiku mmoja. Anwani ile ilikuwa ya shangazi, kwa sababu wazazi waliambiwa watoto wa upande wetu wa barabara watafute nafasi upande wao. Nikapekua zaidi. Chumba cha shangazi, chumba kimoja tu, mwaka huo kilikuwa na watoto 9 wa darasa la kwanza. Shangazi hakuwa na mtoto hata mmoja.

Januari 2003 karo ilifutwa tena, safari hii kwa madarasa yote manane, na nchi ikapanda kutoka wanafunzi takriban milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Foleni ilitoka nje ya lango hadi vibanda vya viatu. Watoto wengi wa Buruburu walikuwa wameshahamia shule za kulipia, na waliosimama mbele yangu walikuwa wa mtaa wa mabanda wa Mukuru, wamevuka reli na barabara alfajiri. Mama mmoja aliponifikia alitaja Buruburu, akataja na awamu na nambari ya nyumba, haraka, kama mtu aliyekariri njiani. Mwanawe alikuwa na tope jeusi hadi kwenye magoti.

"Mama," nikamwambia, "mwaka huu hatumrudishi mtu. Sema mnakokaa."

Akaniangalia. "Mukuru, mwalimu."

"Nyumba nambari gani?"

"Haina nambari." Akafikiri kidogo. "Andika ni karibu na reli."

Nikaandika hivyo.