Kusoma Ng'ambo na Kurudi: Funzo kutoka Nchi ya Pamba

1. Utangulizi

Musa alielimishwa katika hekima yote ya Wamisri (Mdo. 7:22), lakini hekima hiyo ilizaa matunda aliporudi kwa ndugu zake. Mzazi wa Lagangabilili anayeombwa kuchangia nauli ya kijana aendaye kusoma ng'ambo ana haki ya kuuliza: sisi tunaobaki tutapata nini? Katika makala haya tunalichunguza swali hilo kwa kutazama safari za masomo za namna mbili.

2. Mafunzo mafupi ya kazi

Lagangabilili, ambayo leo ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, imo katika nchi ya pamba. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa katika Jimbo la Ziwa, na wakulima walinung'unikia mizani za wanunuzi. Paul Bomani alikuwa amekwisha kufanya kazi ya ushirika Mwanza na kuwaunganisha wakulima alipokwenda Chuo cha Ushirika, Loughborough, Uingereza, mwaka 1953. Mwaka uliofuata alirudi. Mwaka 1955 yeye akawa meneja mkuu wa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao ulikusanya pamba ya wakulima, na baadaye ukamiliki viwanda vya kuichambua.

3. Masomo marefu ya theolojia

Josiah Kibira wa Bukoba alisoma Bethel, Ujerumani, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, kisha akaendelea na masomo Boston, Marekani. Tasnifu yake ya Boston haikuhusu Wamarekani, bali Ukristo miongoni mwa Wahaya. Mwaka 1964 aliwekwa wakfu kuwa askofu, akimrithi Bengt Sundkler wa Sweden, na mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Basi mafunzo mafupi humpa mtu ufundi wa kazi aliyokwisha kuianza. Masomo marefu humwezesha kulitazama Kanisa lake kwa mbali na kuzungumza na makanisa mengine kama ndugu aliye sawa nao. Lakini wote wawili waliondoka na swali la nyumbani, wakarudi na jibu.

4. Mipaka ya faida hiyo

Hata hivyo, elimu ya mtu mmoja haitoshi. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, mkulima wa pamba alipoteza chombo chake, hadi sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu virudishwe. Kinachodumu zaidi ni chuo. Chuo cha Theolojia kilichoanzia Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954, pamoja na Chuo cha Ushirika Moshi kilichofunguliwa mwaka 1963, viliwawezesha wengi kupata nyumbani elimu ambayo wachache waliifuata mbali.

5. Hitimisho

Kwa hiyo tunawasihi watumishi wenzetu: kabla usharika haujatoa barua ya kumdhamini kijana, na aulizwe mambo matatu. Anakwenda na swali gani? Kazi gani inamngoja? Akirudi, atamfundisha nani? Asiye na jibu la hili la tatu, na angoje kwanza.